Peris Mghoi, Mtaalamu wa Pomboo

Mchungaji, chifu, na nyote mliopanda mlima hadi hapa Wundanyi kulia nasi, mimi ni Justus, kaka mkubwa wa marehemu, familia imenituma nisome historia yake, na kabla sijaanza naomba kila mwenye kile kijitabu cha ratiba akifunge kwanza, maana ukurasa wa pili unasema Peris alikuwa mfanyakazi wa ndani Saudia, na huo ni uongo.

Peris Mghoi alizaliwa hapa hapa tarehe 14 Aprili 1984, mtoto wa tatu wa mzee Nehemiah Mwakio na mama yetu Wakesho, akaanza shule ya msingi mwaka 1991 kule Shimoni, baba alikohamishiwa kazi ya ukarani, na huko ndiko alikowaona pomboo, akawapenda mpaka sisi nyumbani tukachoka kusikia habari zao. Sekondari alisomea Voi, chuo kikuu akahitimu sayansi ya bahari mwaka 2008, akarudi Shimoni kufanya utafiti. Tarehe 12 Desemba 2009 alifunga ndoa na Frankline, mwalimu, huyu shemeji yangu aliyeketi mbele, wakajaliwa mtoto mmoja, Terry, mwaka 2011.

Machi 2014 aliajiriwa na kampuni moja ya Riyadh awatambue pomboo wa pwani ya Jeddah, aina kwa aina, huyu mwenye nundu mgongoni, yule ambaye pezi lake limepinda kama mundu, na yule mwembamba wa mdomo mrefu arukaye akijizungusha hewani, na mabaharia walipomwambia yalla, andika pomboo tu, wote ni wamoja, alikataa katakata, akawaambia mtu hutazama pezi kwanza ndipo akataja jina.

Sasa sikieni maajabu! Mwanamke huyo huyo, bosi wake alimkatia ikama, kibali cha kuishi kule, ya mfanyakazi wa nyumbani, kafili, yaani mdhamini, akiwa bosi mwenyewe, eti kibali cha namna hiyo hutoka upesi, na kila alipodai irekebishwe aliambiwa kesho, inshallah. Juni 2017 akaanza kuugua figo akiwa Jeddah, bima ya kampuni ikamkana, kwa kuwa kwenye karatasi hakuwa mtaalamu wao, akazungushwa siku nyingi kabla ya kulazwa, na tarehe 2 Agosti akafariki.

Sanduku lake limefika Nairobi likiwa na karatasi iliyoandikwa shagala, yaani mtumishi wa nyumbani, nasi badala ya kukataa tukanakili kwenye kijitabu. Kamati ya mazishi hamkumuuliza hata mumewe, kwenu mwanamke akirudi maiti kutoka Saudia ni hausigeli, halas, yamekwisha. Wahenga walisema asiyekujua hakuthamini, lakini nyinyi mlimjua, jamani, mlimlea!

Wala asiseme mtu kwamba naidharau kazi ya nyumbani. Emmaculate, yule pale mwenye leso ya buluu, alikuwa akifanya kazi hiyo kwenye nyumba moja ya mtaa wa Al-Hamra, huko huko Jeddah, ndiye aliyemlisha Peris uji na kumwosha, madam wake akifoka, na mkataba ulipokwisha akasafiri pamoja na jeneza. Emmaculate tumwite kwa kazi yake, na Peris tumwite kwa yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea, majirani waliochimba kaburi, na wenzake wa Shimoni waliofika tangu jana. Bosi wa Riyadh simshukuru, Mungu anisamehe.

Terry amejua kusoma mwaka huu, na asubuhi alinijia na kijitabu mkononi, akauliza mbona mama amepewa kazi ya mtu mwingine. Kwa hiyo kijana wetu Protus anapitisha kalamu, fungueni ukurasa wa pili, kila mmoja aufute mstari ule kwa mkono wake na aandike mtaalamu wa pomboo, kisha Terry atapita kuvisoma vijitabu vyenu, na akiridhika yeye, ndipo tutamteremsha mama yake.

Peris, dada yangu, mtaalamu wa pomboo, pumzika kwa amani.