Unasikia Nini? Maisha ya Dada Yetu, Mpika Chai wa Kiwanda cha Uchapaji

Ndugu zetu, majirani, na ninyi mliosimama kule nje kwa sababu viti vimekwisha, mimi ndiye mdogo wa marehemu ninayemfuata kwa kuzaliwa, kazi yangu ni kutengeneza saa, na familia imenikabidhi karatasi hii niisome kwa kuwa, wanavyodai, mimi sikosei tarehe. Tarehe sitakosea. Mengine nitajitahidi, na sauti ikinikatika naomba mnivumilie, nitaendelea.

Dada yetu alizaliwa siku ya Jumatatu, tarehe 14 Agosti 1950, katika chumba cha nyuma cha duka la mikate ambako baba yetu alikuwa mwokaji, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano, na mama alikuwa akisema kwamba neno lake la kwanza halikuwa mama wala baba, lilikuwa "nini". Akiwa na miaka sita alikula hamira kijiko kizima ili ajue kwa nini unga unaumuka, akavimba tumbo siku mbili, na alipopona hakuomba msamaha, aliuliza tu kama na yeye ameongezeka urefu.

Alianza shule ya msingi Januari 1958 akamaliza darasa la saba Desemba 1964, wa tatu katika darasa la watoto arobaini na mmoja, na asingeishia hapo kama mama asingeanza kuugua mgongo, nyumba ikahitaji mikono. Tarehe 3 Machi 1969 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji kama mfagizi, na mwaka 1971 akahamishiwa chumba cha chai, chumba chembamba chenye dirisha linalotazama ghala la karatasi, jiko la umeme la sahani mbili na birika la lita kumi, akawa anawapikia chai watu themanini na wanne mara mbili kwa siku, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2005.

Tarehe 7 Desemba 1974 alifunga ndoa na fundi wa kujalidi vitabu wa kiwanda hicho hicho, shemeji yangu, mtu mpole aliyenukia gundi hata siku ya harusi, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa 1976 ambaye ni mkunga, na mwana aliyezaliwa 1979 ambaye ni fundi umeme, na wajukuu wanne ambao mnawaona pale mbele wamekaa kwa adabu ambayo bibi yao asingeiamini. Shemeji alitangulia tarehe 11 Oktoba 2003.

Sasa narudi nyuma kidogo, kwa sababu mkisikia hayo peke yake mtadhani mnamjua, kumbe bado. Januari 1988 kiwanda kilinunua mtambo mpya, na kutoka China akaja fundi wa kuufunga, kijana mrefu, mkimya, asiyejua lugha yetu hata ya kuombea maji. Ijumaa tarehe 22 Aprili alipokea kifurushi kwa posta, akakifungua palepale juu ya mtambo, ndani mkawa na pakiti ya karatasi ya fedha yenye ukubwa wa mche mdogo wa sabuni, akaipeleka chumba cha chai, akamwonyesha dada kwa mikono kwamba anaomba chai. Dada alitazama ndani, akaona majani ya kijani mabichi-mabichi, membamba kama vipande vya uzi, akasikitika kimoyomoyo kwamba huko kwao wamemtumia mtoto wa watu majani ambayo hayajakauka sawasawa. Akafanya kama alivyofanya kila siku kwa miaka kumi na saba. Akaipika. Maji yakachemka, maziwa yakaingia, sukari ikaingia, na kwa kuwa rangi iligoma kukolea akaongeza majani, akaongeza tena, mpaka nusu ya pakiti ikaishia sufuriani. Fundi alikunywa kikombe chote mpaka tone la mwisho, akatabasamu, akainamisha kichwa, akarudi kwenye mtambo wake.

Jumatatu mkalimani, aliyewekwa na kiwanda kwa ajili ya yule fundi, alikuja kama kawaida, na dada, kwa kujisifu, akamwambia amuulize yule fundi kama chai ya kwao ilimpendeza. Mkalimani alipoona pakiti alishika kichwa. Akamweleza kwamba yale ni machipukizi ya kwanza kabisa ya mwaka, yanayochumwa siku chache tu baada ya baridi kuisha na kabla mvua hazijayakomaza, chipukizi moja na jani lake moja, na kwamba yalichumwa kwa vidole vya mama mzazi wa yule fundi, na chai ile haipikwi, haichemshwi, wala haijui maziwa ni kitu gani. Dada aliniambia uso ulimwaka moto hadi masikioni. Lakini kilichomkera zaidi hakikuwa kosa lake. Aliuliza, sasa kama nimeiharibu, mbona aliinywa yote? Mkalimani akajibu, adabu tu, mama. Dada akasema, "Adabu gani hiyo ya kuniacha mjinga?"

Naomba mlishike jambo hilo, kwa maana tangu siku ile dada hakuwa na amani na neno "tamu". Alikaa akahesabu ni watu wangapi wamemwambia chai yako tamu, mama, tangu 1971, akajiuliza ni wangapi kati yao walikuwa na adabu.

Kesho yake alimwendea fundi na glasi tupu, akainyoosha mbele yake bila kusema kitu, na yule kijana akacheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu afike. Akamfundisha. Maji yachemke, kisha yamiminwe kwenye jagi lisilo na mfuniko, yaachwe mpaka viganja viweze kulikumbatia jagi bila kuruka, ndipo majani ya kushikwa kwa vidole vitatu yatiwe kwenye glasi, na maji yamiminwe polepole kwa pembeni. Dada aliona majani yakipanda, yakazubaa juu, kisha yakaanza kushuka moja moja na kusimama wima chini ya glasi kama watu wanaongoja kuhesabiwa. Alionja. Aliniambia kwamba kwanza hakupata kitu, halafu akapata kama njegere changa, halafu ukakasi kidogo kwenye ulimi, na alipokwisha kumeza, wakati anataka kuweka glasi chini, utamu ukarudi kutoka nyuma ya koo, peke yake, bila punje ya sukari. Alisimama pale, anasema, akageuka kutazama nani amemfanyia mzaha.

Fundi aliondoka tarehe 20 Mei 1988, na kila mwaka tangu hapo, mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, pakiti moja ya gramu hamsini ikawa inakuja, kutoka kwake, na baada ya yeye kufariki mwaka 2013, kutoka kwa binti yake. Gramu hamsini ni glasi kumi na sita tu kwa mwaka. Kwa hiyo dada alipata majaribio kumi na sita kwa mwaka ya kujibu swali lake, na swali lenyewe lilikuwa hili: ule utamu uko kwenye jani, au uko kichwani mwangu?

Alinijia dukani akitaka saa yenye mshale wa sekunde, nikampa moja ya kiume ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua. Alipima maji ya bomba, maji ya kisima, maji ya mvua. Aligundua kwamba kwenye jagi lake maji yanahitaji dakika nne, na siku ya upepo dakika tatu na nusu. Aligundua kwamba kikombe kilichooshwa kwa sabuni hakifai hata ukisuuze mara ngapi. Mwaka 1994 aliiweka pakiti kwenye friji karibu na vitunguu, chai yote ikanuka vitunguu, akaandika kwenye daftari lake "mjinga mimi", na tangu hapo shemeji yangu, Mungu amrehemu, vitunguu alivilia barazani. Mtaani mkamwita Mama Poza, kwa sababu ukimkuta jikoni anapoza maji, na ukimkuta uani anapoza maji.

Na kila aliyeingia nyumba ile alipewa glasi, akaangaliwa usoni akinywa, akaulizwa, unasikia nini? Wengi wenu hapa mmeulizwa, naona mnavyotazama chini. Mlijibu tamu. Shemeji alijibu tamu, dada akamwambia, wewe hata nikikupa mafuta ya taa utasema tamu. Watoto walijibu tamu ili waende kucheza. Mimi aliponiuliza mara ya kwanza nilimjibu, nasikia redio ya jirani. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akauliza tena, na nikamwambia ukweli, dada, mimi nasikia maji ya moto. Hakukasirika hata kidogo. Aliandika kwenye daftari, na kila mwaka alinipa tena, akauliza tena, nikajibu vilevile, akaandika vilevile, na siku moja alimwambia binti yake mbele yangu kwamba mjomba wako ulimi wake ni wa mbao, lakini siku akisema anasikia, nitajua utamu upo kweli.

Nilijivunia maneno yale, sifichi.

Septemba 2023 chakula kilianza kumkwama, tarehe 17 Novemba madaktari wakagundua uvimbe kwenye umio, na kuanzia Machi mwaka huu alilishwa kwa mpira. Hata hapo aliwauliza wauguzi chakula kinachopita kwenye mpira kina ladha gani, na kama hawajaonja, kwa nini hawajaonja. Pakiti ya mwaka huu ilifika Alhamisi tarehe 25 Aprili, na Ijumaa tarehe 3 Mei, saa nne asubuhi, niliipeleka wodini na jagi na chupa ya maji ya moto, yeye akiwa ameegemea mito, akaniongoza kwa kidole, subiri, subiri, sasa. Nilimsogezea glasi akainusa muda mrefu. Kumeza hakuweza. Akanionyesha kwamba ninywe mimi. Nikanywa, akaniuliza kwa sauti iliyobaki, unasikia nini?

Ndugu zangu, nilimtazama alivyokonda, nikaona haiwezekani nimwambie mtu huyu maji ya moto. Nikamwambia, dada, leo nimesikia, utamu umerudi kutoka nyuma ya koo.

Yale yalikuwa maneno yake mwenyewe, neno kwa neno, ya miaka thelathini na sita, na mimi sikuwa na akili hata ya kuyabadilisha. Akasema, "Hata wewe?" Hakusema kwa hasira, afadhali angesema kwa hasira, akageuza uso upande wa dirisha. Nilikusudia kumwomba radhi kesho yake, lakini kesho yake dawa za maumivu ziliongezwa, akawa wa kulala, na Alhamisi tarehe 9 Mei 2024, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, alifariki dunia akiwa na miaka sabini na mitatu, miezi minane na siku ishirini na tano. Watoto wake hawakujua habari hii, wanaisikia sasa pamoja nanyi. Nimeona bora niisome hapa kuliko nibaki nayo, maana inaniuma.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, waliomjibu maswali yake yote na yale yasiyo na majibu wakakiri hawajui, jambo lililomfurahisha kuliko dawa. Tunawashukuru majirani waliopokezana kulala hospitali, na waliopika tangu juzi bila kuombwa. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa kiwandani, waliokuja na basi zima, na mkalimani, ambaye kwa uzee wake amefika kwa magongo na ameahidi kumwandikia yule binti wa China, ambaye mpaka saa hii hajui. Kama kuna tuliyemsahau, kosa ni langu, si la familia.

Dada, nimalize na wewe. Leo alfajiri, kabla ya kuja hapa, niliingia jikoni kwako, nikachemsha maji, nikayaacha dakika nne, nikatia majani ya vidole vitatu, nikanywa yote taratibu, nikameza, nikangoja kwa saa mkononi. Nakujibu mbele ya watu hawa wote ili usiwe na shaka. Sikusikia kitu. Nimebakiwa na glasi kumi na nne, nitazinywa zote, na hakuna hata moja nitakayokudanganyia.

Lala sasa, dada yetu, na upumzike kwa amani.