Mistari Miwili na Tagi Isiyokuwa Yake

Marehemu tuliyekuja kumzika, ambaye mtaa mzima ulimwita Mistari Miwili, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1981 katika chumba cha nyuma ya duka la dobi. Baba ndiye aliyekuwa dobi, na mama alishona vifungo vilivyokatika kwenye nguo za wateja. Alikuwa wa pili kati ya watoto watatu: mbele yake dada mkubwa, nyuma yake mdogo wake wa kike, ambaye ndiye anayesoma hapa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1988. Jina la utani alilipata darasa la sita, mwalimu alipotaka insha ya kurasa mbili kuhusu likizo, yeye akapeleka mistari miwili: "Likizo tulipiga pasi. Jua lilikuwa kali, pasi kali zaidi." Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani, kisha akamchapa, kisha akampa alama zote. Alimaliza sekondari mwaka 1999, akasomea kompyuta chuoni.

Mwaka 2004 shemeji yake, mume wa dada mkubwa, alifungua ofisi ya kutengeneza tovuti juu ya duka la vioo, akamchukua. Kazi yake ilikuwa meta tagi. Kwa asiyejua: ni maneno yanayokaa kichwani mwa ukurasa wa tovuti. Mgeni hayaoni, ila mitambo ya kutafutia mtandaoni huyasoma ijue ukurasa unahusu nini, na mara nyingi ndiyo yanayotokea kwa ufupi chini ya jina la duka unapolitafuta. Mwenye gereji alitaka iandikwe "gereji bora kuliko zote". Marehemu akamuuliza, "Bora kwa lipi, bosi?" Bosi akakuna kichwa: "Basi... tunafungua Jumapili." Likaandikwa hilo, na Jumapili magari yakajaa mpaka barabarani.

Alifunga ndoa tarehe 5 Septemba 2009 na fundi saa mwenye kibanda jirani na ofisi. Alikuwa akimpelekea saa ileile nzima kila wiki itengenezwe, hadi fundi akamwambia, "Kaka, saa haina shida. Mwenye shida ni wewe, sema." Akasema. Wakajaliwa binti na mvulana.

Sasa tumefika mahali ambapo kuna watu wangependa turuke. Haturuki.

Machi 2013 ofisi ilimtengenezea tovuti mkunga mmoja aliyefungua nyumba ndogo ya kuzalishia. Tovuti inapojengwa huwekewa tagi inayoiambia mitambo ya kutafutia: ukurasa huu usiuonyeshe. Kazi ikiisha, tagi hutolewa, na sheria ya ofisi ilikuwa aliyeiweka ndiye anayeitoa. Aliyeiweka ni shemeji. Siku ya uzinduzi marehemu alikuwa hospitalini, mkewe akijifungua mtoto wa pili. Shemeji akazindua kwa shangwe, akapiga picha na mkunga, akaenda zake, tagi akaiacha mlemle. Tovuti ilipendeza kweli, lakini mama mjamzito aliyetafuta mkunga mtandaoni hakuipata ng'o. Simu ya mkunga ikanyamaza miezi na miezi, mwishowe akafunga milango. Kosa lilipogundulika, shemeji akamwambia mkunga, "Ni yule kijana wangu, alisahau."

Familia ikakaa kikao sebuleni kwa dada mkubwa. "Shemeji, meza tu," akasema mwenye ofisi. "Jina lako litasafika. Mimi ofisi ikianguka, tunalala njaa wote." Dada mkubwa akatazama zulia. Marehemu akajibu, "Sawa, nameza. Lakini mambo yakipoa, mkunga umwambie." Shemeji akaapa.

Yalipoa kwa shemeji peke yake. Marehemu alisimamishwa kazi "ili wateja watulie", na kila ofisi aliyobisha hodi ilikuwa imeshasikia habari zake. Siku moja sokoni mkunga alimsimamisha mbele za watu: "Wewe ndiye uliyenifungia riziki!" Akajibu, "Nisamehe, mama," akanunua vitunguu alivyotumwa, akarudi nyumbani, akajifungia bafuni. Mkewe alimsihi aseme ukweli. Hakutaka, eti ameahidi. Ulikuwa ujinga, na unatuuma hadi leo.

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua. Shemeji alikwenda kumwona wodini na mfuko wa matunda.

"Umemwambia?" marehemu akamuuliza.

"Pona kwanza, shemeji. Tutakwenda wote wawili."

"Nakuuliza, umemwambia?"

Shemeji akanyoosha shuka, akauliza kama chakula cha pale kinalika. Marehemu akageukia ukutani. Alifariki tarehe 17 Juni mwaka huu, mchana, mkewe akimnyoa ndevu.

Juzi shemeji alishauri katika wasifu huu iandikwe tu kwamba marehemu "alifanya kazi kwa bidii katika ofisi ya familia". Mjane akamjibu, "Aliyeahidi kunyamaza ni mume wangu. Mimi sikuahidi." Ndiyo maana mnasikia mnayoyasikia.

Ameacha mjane, watoto wawili, dada wawili, na shemeji aliyekaa mstari wa mbele, mwenye shada kubwa kuliko yote. Mkunga naye yupo, amesimama kule nyuma. Asubuhi alimwambia mjane kwamba amekuja kumsamehe marehemu, asiende na deni. Mama, ahsante kwa moyo huo, lakini hukuwa na cha kumsamehe. Tagi ile aliiweka shemeji, akaiacha shemeji, na miaka yote hii alijua.

Pumzika, kaka yetu. Ameshaambiwa.