Chupa Niliyompa Mpimaji wa Maji

Mungu anisamehe, na wewe unayesikia pia. Yule mpimaji wa mionzi alipoacha chupa kwangu, hapa Kisian, alinieleza vizuri. Nichote kisimani moja kwa moja, nisichemshe, nijaze mpaka ukingoni, niifunge ikiwa imezama ndani ya ndoo, hata kiputo kimoja cha hewa kisibaki. Mimi nikachemsha. Tangu kipindupindu, kwetu mgeni hapewi maji mabichi, na niliona haya. Nikachuja kwa kitambaa cheupe cha meza ya Bwana, nikaacha yapoe, ndipo nikajaza. Majibu yakaja, yakasomwa kanisani: kisima changu, mimi Joram, hakina neno. Kanisa likapiga makofi, nami nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu.

Kijiwe chetu ni ubao juu ya matairi mawili, mbele ya gereji ya Harbans Singh, kando ya barabara ya Busia. Dorca anauza kahawa ya tangawizi hapo. Nyuma ya gereji Harbans ana kisima kirefu kama changu, kimetobolewa ndani ya mwamba. Chake kilipimwa siku ile ile, kikashindwa. Kijiweni wananiita Shemasi. Jioni moja baada ya majibu, Gordon ndiye aliyeanza, yule tunayemwita Profesa kwa sababu aliwahi kufundisha darasa la tatu muhula mmoja.

— Shemasi, hebu tuambie. Kutoka kwako mpaka kwa Singh mtu anaweza kutupa jiwe. Mbona yake ina mionzi, yako safi?

— Ni hii gereji, akasema Dalmas, fundi wa baiskeli, jina la kijiwe Injinia. Betri zinamwaga asidi chini kila siku.

— Asidi si mionzi, omera, ndugu yangu!

— Sasa mionzi ni nini, Profesa?

— Ni kitu ya mwamba. Inatoka kwa jiwe, inaingia kwa maji kama hewa. Haionekani, hainuki. Ukichota, inapanda, unaivuta ndani ya nyumba. Miaka ikienda, mapafu inaharibika.

— Kama haionekani, nani aliiona?

Tukacheka. Harbans, aliyeketi nasi, hakucheka.

— Lakini hii ya Singh, mimi nasema ni ya ile mtambo ya Urusi ililipuka, Profesa akaendelea. Wingu ilitembea, ikafika hapa, ikanyesha kwa Singh.

— Kwa Singh peke yake? Ikaruka ua ya Shemasi?

— Shemasi anaomba.

— Mimi pia naomba, akasema Harbans polepole. Kila siku, kabla jogoo hajawika.

Injinia akakohoa, akatafuta njia nyingine.

— Basi ni pampu. Ya Singh ni chuma mpaka chini, Shemasi anatumia kamba na ndoo. Chuma inavuta hiyo mionzi kutoka huko Uganda chini kwa chini. Mnacheka nini?

— Mpimaji aliniambia nijenge tangi juu, Harbans akasema. Maji yamwagike kama mvua juu ya kokoto, upepo upite, hewa ya mwamba itoroke. Lakini nimechoka, ndugu zangu. Fundi wa simiti anakuja kesho. Nitaziba kisima. Nyumba yangu itachota kwa Shemasi, kama ataturuhusu. Mke wa kijana wangu amejifungua, na mtoto analala karibu na mapipa ya maji.

— Karibu sana, nikasema.

Neno hilo lilinitoka kwa wepesi, na likaniuma kuliko ile chupa.

Mwisho wa ubao alikuwa ameketi mgeni, mtu wa Bungoma aitwaye Simiyu, anasubiri gari. Akaweka kikombe chake chini.

— Samahani, wazee. Visima ni viwili, mwamba ni mmoja. Hiyo maji ya Shemasi ya kupimwa, iliwekwa kwa chupa namna gani?

— Alichota na ndoo, Profesa akajibu haraka.

— Halafu?

Dorca akafunua birika kuongeza maji, mvuke ukapanda, ukaenda zake barabarani na harufu yote ya tangawizi. Nikautazama mpaka ukapotea.

— Halafu, Shemasi? akauliza Harbans.

— Nilichemsha.

— Ulichemsha? Injinia akasimama. Si hewa yote ilitoroka kwa sufuria!

— Ilitoroka. Na niliambiwa nisichemshe. Nilitaka kisima changu kisifiwe.

Nilingoja Harbans anitukane. Hakunitukana. Alisema tu:

— Shemasi. Mtoto.

Dorca akainamisha birika juu ya kikombe changu, halafu akaliinua tena bila kumimina.

— Harbans ndugu yangu, nikasema, nakuomba fundi wa simiti asizibe kesho. Mwambie ajenge ile tangi, na watu wako wasichote kwangu. Na wewe Profesa, mtafute mpimaji, umwombe chupa nyingine. Njoo nayo uchote mwenyewe. Mimi nitasimama nje ya ua.