Mawe Meupe ya Njia ya Chwaka

Bwana Makungu Silima, nyapara wa barabara ya Chwaka, anastaafu tarehe 30 Juni 1971, baada ya kuitumikia njia hii kwa miaka ishirini na minane. Alianza akiwa kibarua wa kufyeka majani, akapanda hadi kuwa mkubwa wa genge zima.

Wasafiri wengi wanamjua kwa mawe yake. Kila mwaka kabla ya masika huyapaka chokaa na kuyapanga kandokando ya njia pale bondeni, ambapo maji hujaa yakafunika lami. Bila ya mawe hayo dereva haoni njia inapoishia wala mtaro unapoanzia. Mvua ikizidi, Bwana Makungu huifunga njia, hata abiria wamnunie vipi.

Mei mwaka jana alipata mtihani. Gari iliyomleta bwana harusi na wageni wake kutoka mjini ilifika bondeni mchana, ikamkuta Bwana Makungu. Mvua ilikuwa imekatika, lakini maji yametanda na mawe hayaonekani hata moja. Dereva, Bwana Ame, alizima moto akasema hasogei. Na sheikh wa kufungisha ndoa alikuwa na safari nyingine kabla ya magharibi.

Ng'ambo ya maji alitokea Bi Mwanakheir, mpishi mkuu wa harusi, naye hakuficha kitu. Wapishi wake waliyaona mawe yamekaa tu njiani, mazuri, ya kimo kimoja, wakayafanya mafiga.

"Mawe yako yana masufuria juu yake, Makungu," alisema. "Ukiyataka sasa, wali utabaki mbichi."

"Basi watakaoula waje wasimame wao," alijibu Bwana Makungu.

Akaingia majini, akaipapasa kingo ya lami kwa miguu, na kila palipostahili jiwe akamsimamisha mgeni mmoja, kanzu imekunjwa hadi magotini. Bwana Dawood, mwenye duka la vitambaa mjini, aliwekwa penye kona kwa sababu ya unene wake, akalalamika kwamba amealikwa harusini na sasa amekuwa nguzo. Wanawake wa Chwaka wakajaza upande wa pili. Bwana harusi naye alitaka kushuka, wakamkatalia kwa vicheko. Gari ikapita katikati yao taratibu, na ndoa ikawahi.

Bwana harusi yule ni Mwalimu Mjaka, anayetufundisha jiografia hapa skuli. Akifika somo la mvua, darasa zima hucheka kabla hajaanza.

Mawe yalirudishwa kesho yake, yana masizi. Bwana Makungu hakumshitaki mtu. Aliyapaka chokaa mara mbili, akaomba siku nyingine aulizwe kwanza.

Pilau ya kumuaga itapikwa na Bi Mwanakheir, ambaye ameahidi kuja na mafiga yake mwenyewe. Hata hivyo, Bwana Makungu amesema atapitia bondeni kwanza, akahakikishe.

Ahsante sana, Bwana Makungu. Mungu akupe afya na mapumziko marefu. Mvua ikinyesha, wewe lala. Mawe yapo mahali pake.