Uso Uliobaki Mezani kwa Gaspari

Hapana, mama yangu uliyepiga simu kutoka Ikungi. Gaspari hakuchora kwenye karatasi. Alichora mezani. Meza ile ile ya kulia ugali!

Wasikilizaji wapendwa, tunamkumbuka Gaspari, mchongaji wa Mungaa, aliyetutoka mwezi wa tatu. Bwana yule hagusi gogo kabla hajachora kwa mkaa. Anachora, anafuta kwa kiganja, anachora tena. Na mchoro ukiwa mezani, hakuna kuweka sahani. Mnakula mkekani mpaka kinyago kiishe. Kikiisha, mkewe Theodora anaosha meza, mnakaa. Ndiyo sheria ya nyumba ile.

Sasa mchoro wa mwisho ulikuwa uso wa Theodora mwenyewe. Macho yapo, kilemba kipo. Mdomo hakuna.

"Mbona huniwekei mdomo?"

"Nangoja ucheke, mama Agnes. Tangu juzi umenuna."

"Nicheke nini, na wageni wanakulia chini?"

Kesho yake kifua kikambana Gaspari. Hospitali alikwenda, hakurudi.

Theodora hakuosha meza. Miezi mitano, jamani! Gogo la mninga mlangoni, mchoro mezani. Alitamani siku moja tu irudi, amchekee. Na mkaa ulikuwa unapukutika. Akiuosha, amemfuta Gaspari. Akiuacha, unamponyoka hivyo hivyo.

Ikafika siku ya kumaliza msiba. Kuku wameiva, mlenda tayari, ndugu wamesimama na sahani mikononi. Naftali, mdogo wake marehemu, akasema, "Shemeji, magoti yangu hayakunjiki. Nikikaa mkekani mtaniinua kwa kamba, kama ng'ombe aliyekwama."

Theodora akacheka. Kilimtoka tu, kicheko cha kwanza tangu mazishi.

Agnes, binti yake, akamshika mkono. "Mama, huo ndio mdomo baba alioungoja."

Theodora akaokota mkaa jikoni, akauchora mdomo huo mwenyewe. Umepinda huo!

"Shemeji, huo mdomo au jembe?"

"Nyamaza, Naftali. Mchoro umekwisha. Leteni maji."

Mama Theodora, Agnes, Naftali, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu anangoja kicheko chako leo, mpe.

Basi Theodora akaosha meza taratibu. Kilemba, macho, mdomo mwisho. Akapangusa kwa khanga yake. Ugali ukatua pale pale palipokuwa na uso.

Wakakaa wote, wakala.