Kinanda Kilichowaka Taa na Kunyamaza

Kijiwe cha Bakari kiko nyuma ya soko la Lushoto, chini ya upenu wa kibanda cha kutengeneza simu. Kina benchi moja la mkaratusi, jiko la mkaa, birika la kahawa na sinia la kashata. Vijiwe vya wenzetu hubishana mpira; hiki hubishana vyombo vya muziki, na mwenye chombo kipya ndiye hupewa nafasi karibu na jiko. Injinia, yaani Stephano mwenye kibanda, alinunua kompyuta ya kutengenezea muziki. Desibeli, yaani Idrisa mkulima wa kabichi kutoka Mlola, alinunua spika mbili za studio, akaziweka kwa Injinia kwa usalama, na kila siku ya soko huja kuzitazama. Mpaka leo hajazitoa kwenye nailoni. Profesa, yaani Martin, karani mstaafu wa kiwanda cha chai cha Mponde, ana kipaza sauti anachokifuta vumbi kwa kitambaa cha miwani. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumaliza wimbo, na hilo halijawahi kumkosesha mtu raha.

Ijumaa hiyo, saa tisa alasiri, ukungu umeshashuka mpaka kwenye mabati, Alen alifika amekumbatia boksi refu. Alen analima viazi, na ndiye mpiga kinanda wa kwaya. Kijiweni wanamwita Maestro.

— Karibu, Maestro! Desibeli alimsogezea nafasi. — Mzigo huo! Umefika lini?

— Jumatano.

— Jumatano, na umekaa kimya mpaka leo?

— Aliyekaa kimya si mimi. Ni chenyewe.

Akafungua boksi. Kilikuwa kinanda cheusi, chembamba, vibonye sitini na kimoja, na pembeni vitufe vya kuzungusha. Profesa alipiga mluzi.

— Hii ndiyo sinthesaiza sasa. Ukiona vyaelea, vimeundwa!

— Kinaelea wapi, Profesa? Kiko mapajani mwangu.

Injinia alichukua waya uliokuja nacho, akauchomeka kwenye chaja ya simu. Vibonye vikawaka taa za bluu na nyekundu, benchi zima likasema, "Aah!" Alen akaweka vidole vyote kumi, akabonyeza. Hakikutoka kitu zaidi ya ko-ko-ko ya plastiki.

— Sasa mmeelewa, alisema.

Hawakuelewa hata nusu. Jumapili ilikuwa Sikukuu ya Mavuno. Na ni Alen huyuhuyu, kwa mdomo wake, aliyesimama kwenye kikao cha kwaya akasema kinanda cha zamani kimechoka, wapewe wenzao wa kwaya ya Mtae ambao hawana hata hicho cha kuchoka, maana yeye ameshaagiza kipya Dar es Salaam. Wakampigia makofi. Kinanda cha zamani kikapanda basi, kikaenda. Tangu Jumatano alikuwa anakula na aibu, analala na aibu, na hakuwa amemwambia mtu wa kwaya hata mmoja. Lakini Alen si mtu wa kukunja mikono. Alikuwa amejiapiza kwamba Jumapili kinanda kitalia, hata kama itabidi akifungue skrubu moja moja.

— Si mkachukue kile cha Mtae? Desibeli aliuliza.

— Nao wana Mavuno yao Jumapili hiyohiyo. Nimpe mtu zawadi juzi, leo nimpokonye?

— Hapo kweli.

— Basi nisaidieni. Mna vyombo ninyi, mnavijua. Kina nini hiki?

Lo! Kumuuliza mtu wa kijiweni "kina nini" ni kumfungulia bomba. Desibeli alikuwa wa kwanza.

— Baridi hiyo, mwanangu. Kimetoka Dar, kwenye joto. Kimepanda milima, kimefika huku ukungu mpaka chumbani. Koo limekaza! Kisogeze jikoni kipate moto.

— Kinanda hakina koo, Injinia alisema.

— Kina sauti bila koo?

— Hakina sauti, ndiyo maana tuko hapa!

Profesa aliweka kikombe chini taratibu. Hiyo ilikuwa dalili kwamba elimu inakuja.

— Tatizo ni mwinuko. Sauti ni hewa. Hewa ya bondeni nzito, ya huku juu nyepesi. Hicho kinapiga, tena kinapiga sana, ila sauti inapaa juu kabla haijafika masikioni. Nilipokuwa Mponde, king'ora cha kiwanda kikilia, wa chini wanakisikia asubuhi, sisi wa juu tunakisikia mchana.

— Profesa! Mlikuwa mnaingia kazini mchana?

— Ndiyo maana nilipewa onyo mara tatu, na halikuwa kosa langu.

Bakari, aliyekuwa anamimina kahawa, alicheka mpaka akamwaga. Alen hakucheka. Alikuwa amepinda juu ya kinanda, anajaribu kibonye kimoja kimoja kuanzia kushoto, kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka kwenye mchanga.

— Nyote mmekosea, Injinia alisema, akiegemea mlango wa kibanda. — Vyombo vya siku hizi vina akili. Hicho kinasoma mazingira kwanza. Kimefika nyumbani kwa Maestro, kimesikia Kishambaa asubuhi mpaka jioni. Kinajifunza! Kikishaelewa lugha, kitalia chenyewe.

— Kinachukua muda gani?

— Inategemea. Kishambaa kigumu.

— Jumapili kitakuwa kimefika wapi?

— Salamu, labda.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Profesa alisema.

— Hiyo inahusu nini hapa?

— Inahusu kusikia. Na kuna nyingine: kuku mgeni hakosi kamba mguuni! Wewe, Maestro, kila jioni unachomoa huo waya. Umemfungua kuku kabla hajazoea!

— Mimi narudi kwenye moto, Desibeli alisema, akanyanyua kinanda upande mmoja akielekea jikoni.

Alen alikidaka, akakirudisha kifuani kwake. Akasimama.

— Jamani! Watu thelathini wa kwaya wataniangalia mimi. Nimekuja kutafuta sauti, sikuja kutafuta hadithi. Kama hamjui, semeni hamjui, niende kwingine. Lakini silali mpaka hiki kimelia.

Kijiweni unaweza kumwita mtu mwongo, ukamwita mchawi, akacheka. Kumwambia aseme hajui, hilo ni jambo zito. Na hapo hapo akatokea mtu ambaye Alen aliomba asimwone kabla ya Jumapili. Alikuwa Mama Esteria, mwenyekiti wa kwaya, ametoka kwa fundi cherehani na furushi la sare kichwani.

— Shikamoo, mama, walisema wote kwa pamoja.

— Marahaba, wanangu. Alen, ndicho hicho?

— Ndicho, mama.

Alitua furushi kwenye benchi, akakichukua kinanda mikononi. Akakigeuza juu, akakigeuza chini, akapitisha kiganja ubavuni, akachungulia nyuma.

— Kizuri. Sasa mbona hakina matundu? Sauti yake inatokea wapi?

Desibeli akamwangalia Profesa. Profesa akaangalia kahawa. Cha zamani kilikuwa na matundu mawili makubwa ya spika, na Alen alikuwa amekifuta vumbi kwenye matundu hayo miaka sita. Siku tatu nzima alikuwa amehangaika na vibonye, taa na waya, asijiulize hilo.

— Mama, alisema, nisamehe. Sijui. Kimekaa kwangu tangu Jumatano, hakijalia hata mara moja, na nimeogopa kuja kukwambia.

Mama Esteria alimrudishia kinanda.

— Jumapili tutaimba, Alen. Kwa kinanda au kwa midomo mitupu.

— Kwa kinanda, mama.

Ndipo Injinia akakohoa. Kukohoa kwa fundi anayekaribia kukubali kosa mbele ya wateja wake ni kazi kubwa, na apewe haki yake.

— Kwenye kompyuta yangu, alisema polepole, kuna piano. Kuna na filimbi, kuna kila kitu. Mimi huwa nabofya noti moja moja kwa kipanya. Wimbo wa dakika moja, wiki mbili. Sasa nafikiri... huenda hiki ni vidole tu. Sauti inakaa kwenye kompyuta.

— Na wewe umeniambia kinajifunza Kishambaa!

— Maestro, tuchomeke kwanza. Matusi utanitukana baadaye.

Waya ukatolewa kwenye chaja, ukachomekwa kwenye kompyuta. Kioo cha kompyuta kikaandika kwamba kimetambua kitu kipya. Alen akabonyeza. Sauti ikatoka kwenye kompyuta, nyembamba, ya kusikiwa na mtu mmoja akiinama. Lakini ilikuwa sauti! Wote wakageuka kumtazama Desibeli.

— Msiniangalie hivyo, Desibeli alisema.

— Idrisa, mwanangu, Mama Esteria alisema, hizo spika unamtunzia nani?

Desibeli alizitoa mwenyewe. Hakumruhusu mtu mwingine aguse nailoni. Aliichana taratibu, akaikunja, akaitia mfukoni. Spika zikawekwa dirishani kwa Injinia, Alen akabonyeza tena, na safari hii waliokuwa wanapanga karoti sokoni waligeuza shingo. Alen alihisi machozi, hakuyaficha.

— Kumbe zinalia hivi, Desibeli alinong'ona. — Mama, Jumapili nazileta mimi mwenyewe mpaka mlangoni. Ila nazibeba mimi. Injinia abebe kompyuta yake.

— Na kipaza sauti changu kipo, Profesa alisema. — Nilikuwa nasubiri mwinuko ukae sawa.

Walicheka, wakapigana mabegani, Bakari akagawa kashata bila kuulizwa. Mama Esteria peke yake alibaki amesimama, mkono kiunoni, mpaka kelele zikaisha.

— Vizuri, alisema. — Sasa, Alen, ule ubeti wa tatu wa wimbo wa Mavuno, pale sauti za wanawake zinapopanda na za wanaume zinabaki chini. Umeshaufanyia mazoezi?

Injinia akajifanya anasoma kioo. Desibeli akapangusa spika ambayo haikuwa na vumbi. Profesa alifungua mdomo, na methali haikuja. Tangu Jumatano Alen alikuwa amekipasha moto kile kinanda, amekitikisa, amekiombea, na hakuwa amepiga hata mstari mmoja.

Alen alivuta kreti tupu ya soda, akaikalia, akaweka kinanda magotini. Mama Esteria akaanzisha wimbo, naye akafuata ubeti wa kwanza, akafuata wa pili. Kwenye wa tatu vidole vikapotea.

— Rudia, Mama Esteria alisema.

Alen akarudia.