Saa Kumi ya Kule

Benchi la nje ya kibanda cha Fundi Saa lina miguu mitatu na tofali, na wenyewe wamelizoea hivyo. Jioni hiyo birika la kahawa lilikuwa limeshafika, lakini Fundi hakugusa kikombe. Asubuhi alikuwa amempandisha ndege binti yake wa pekee, aliyebaki naye nyumbani tangu mama mtu afariki, aende kusoma mbali huko. Tiketi ilisema kuondoka saa nne asubuhi, kutua saa kumi jioni. Fundi akahesabu saa sita. Sasa jua lilikuwa linazama na simu haijalia.

— Haipatikani, — alisema. — Tangu mchana, haipatikani.

Futi, fundi cherehani, alivua utepe shingoni akaipima ramani ya dunia iliyobandikwa kibandani.

— Inchi tisa na nusu! Fundi, huo mwendo si wa saa sita. Labda wamesimama njiani wale.

— Wasimame wapi, we naye! — alidakia Rada, aliyebeba mizigo uwanja wa ndege wiki mbili tu na hajaacha kutusimulia hadi leo. — Ndege ikishapanda inatulia tuli. Dunia ndiyo inayozunguka. Nchi yao ikifika hapo chini, rubani anashusha.

— Na ikimpita? — aliuliza Fundi.

— Anangoja ije tena. Ndiyo huko kuchelewa.

Siku nyingine Fundi angekuwa wa kwanza kucheka. Leo aliogopa, na zaidi ya kuogopa, hakutaka kurudi kwenye nyumba ile isiyo na mtu.

— Hebu kwanza, — alisema Futi. — Hiyo saa kumi ni ya huku au ya kule?

— Saa kumi ni saa kumi, bwana, — alijibu Fundi.

— Thubutu! Shemeji yangu yuko huko huko. Mimi nikifunga duka nampigia, yeye ndiyo kwanza anakunywa chai ya asubuhi. Saa kumi yao, sisi huku ni usiku wa manane!

Rada aliangua kicheko. — Mtu wa saa, kadanganywa na saa!

Fundi naye akacheka, kwa aibu. Miaka yote ya kutengeneza saa za watu, hakuwahi kuwaza kwamba mbili zinaweza kupishana na zote zikawa sawa.

— Kumbe mwanangu bado yuko hewani, — alisema, akanyoosha mkono kupokea kahawa.

Mama mmoja aliyeleta saa iliyosimama alikuwa pembeni akisikiliza.

— Samahani, baba. Na kurudi je, ni lini?

Futi alijishughulisha kuukunja utepe wake.

— Tiketi ilikuwa ya kwenda tu, — alisema Fundi.

Akaweka kikombe chini, akaipokea ile saa na kuiweka sikioni, ingawa alishaona kwamba imesimama.